Kabla Hujaongeza Nyavu, Ongeza Barafu: Maoni Yangu Kuhusu Vibua



Wengi mmezoea kunikuta hapa nikiongelea mihogo, minazi na chanjo za kuku. Leo naomba tuache jembe kidogo tushuke pwani. Kata ninayofanyia kazi iko ufukweni, Wilaya ya Pangani, na huku kwetu mkulima na mvuvi mara nyingi ni mtu mmoja. Asubuhi unamkuta anapalilia mihogo, giza likiingia yuko kwenye boti. Ndiyo maana maswali ya samaki yananifikia hata mimi ambaye cheti changu ni cha kilimo na mifugo.

Nieleze kwanza kwa nini naandika. Mwezi uliopita kikundi kimoja cha vijana wavuvi kilinijia na karatasi mkononi. Wanataka niwasaidie andiko la mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10, wanunue nyavu ya pili ya kuzungushia, hii tunayoiita ringineti. Safari hii wanataka ndefu zaidi na yenye macho madogo kuliko ile ya kwanza. Nikawaambia nipeni muda nifikirie. Wakashangaa, maana andiko la nyavu ya kwanza nililiandika mimi mwenyewe jioni moja tu, na wala sikufikiria chochote.

Sasa nimefikiria, na jibu langu ni hapana. Najua litawaudhi. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanikasirikia.

Asubuhi tuliyopanda samaki

Usiku mmoja wa giza, kaskazi iliyopita, nyavu ya vijana hawa ilizunguka kundi la vibua ambalo hata wazee walisema ni la kuhadithia. Alfajiri boti ilirudi imezama nusu kwa uzito. Pwani nzima ilikuwa furaha. Lakini usiku uleule boti za jirani nazo zilikuwa zimepata. Mnada ulifunguka kwa bei nzuri, ndani ya saa moja bei ikaanguka, na saa tatu asubuhi hakuna aliyekuwa anauliza bei. Barafu ilikuwa inategemewa kutoka mjini, na gari lilifika jua likiwa utosini. Wakati huo samaki macho yameshazama, matumbo yameanza kupasuka.

Mimi kama bwana shamba nikatoa ushauri wa kitaalamu: msiwatupe ufukweni, wafukieni kwenye mashimo ya minazi, ni mbolea nzuri sana. Vijana wakachimba. Kabla hawajafukia nilichukua rula nikapima samaki kadhaa. Wengi walikuwa sentimita 13 au 14. Mama mmoja anayekaanga samaki pale sokoni akanipita na beseni lake kichwani, akasema, "Bwana shamba, leo umetupandia samaki. Tuje kuvuna lini?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na swali lake bado ninalo.

Kibua ni samaki gani hasa?

Nikisema kibua namaanisha yule ambaye wataalamu wanamwita Rastrelliger kanagurta, kwa sababu pwani jina hili wakati mwingine hubeba na samaki wengine wanaofanana naye. Mtambue hivi: mwili wa rangi ya fedha, mgongo wa kijani na bluu wenye mistari myembamba ya giza, na doa jeusi karibu na pezi la ubavuni. Ukoo wake ni mmoja na nguru na jodari, ila yeye ni mdogo kuliko hao. Wengi tunaowaona wakiwa wamekomaa wana kama sentimita 25, na akikua sana hufika 35. Anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu hii mpaka Indonesia, kwa hiyo siyo wa Pangani peke yetu.

Mfungue mdomo. Ndani utaona vitu kama manyoya marefu yaliyoshikana na matamvua. Hilo ndilo chekeche lake. Anaogelea mdomo wazi, maji yanapita, viumbe vidogo vya baharini vinabaki. Akiwa mdogo anakula vijimea na vijidudu vidogo sana. Akikua anakula vikubwa zaidi, hata watoto wa kamba na wa samaki wengine.

Halafu uzazi. Kibua hatagi mara moja akamaliza. Anatoa mayai kwa mikupuo, yanaelea majini, na hayana mlezi. Mengi yanaliwa. Wachache wanaobaki wanakua haraka, kwa sababu maisha yao siyo marefu, ni miaka michache tu. Lakini kuna kipimo kimoja ambacho nataka kila mvuvi akikariri kama anavyokariri namba ya simu ya mke wake: kibua huanza kuzaa akikaribia sentimita 20. Chini ya hapo ni mtoto, hata awe mnono vipi.

Kwa hiyo wale niliowapima kwa rula, wale tuliowapanda kwenye minazi, hawakuwa wamezaa hata mara moja.

Silaha yake ndiyo inayomponza

Watu wananiuliza kwa nini vibua wanatembea kwa makundi. Jibu ni kwamba hawana silaha nyingine. Kibua hana miiba ya sumu, hana pango la kujificha kama pweza. Anaishi kwenye maji ya wazi, na nguru, jodari na ndege wote wanamtaka. Akiwa peke yake ameisha. Akiwa katika kundi la maelfu, adui anachanganyikiwa, hajui amfuate yupi. Kila samaki anamwangalia jirani yake, na ubavuni ana mstari wa hisia unaopokea mtikisiko wa maji. Mmoja akigeuka, wote wamegeuka.

Dhidi ya nguru hiyo ni kinga nzuri. Dhidi ya ringineti ni balaa. Wavuvi wanawasha taa usiku wa giza. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa za betri, za sola na za jenereta. Mwanga unakusanya vijidudu, vijidudu vinavuta dagaa na vibua, na kundi likishatulia nyavu inazungushwa, kisha kamba ya chini inavutwa mpaka nyavu inafunga kama mfuko. Kundi linalokimbia pamoja linakamatwa pamoja, mama na mtoto.

Na hapa ndipo penye hatari ambayo wengi hatuioni. Vijana wangu wananiambia, "Bwana shamba, samaki bado wapo, mbona ndoo zinajaa?" Nawajibu kwa mfano wa ghala la mahindi. Una ghala, kila siku unachota kwa debe. Siku ya kwanza debe limejaa. Siku ya hamsini debe limejaa. Hata siku mahindi yamebaki ya kujaza debe moja tu, debe hilo nalo litajaa. Ukipima ghala kwa kuangalia debe, utajua lina upungufu siku utakayokwangua sakafu.

Samaki wa makundi ndivyo alivyo. Wakipungua hawatawanyiki wakawa mmoja mmoja huku na kule. Waliobaki wanakusanyika tena wanafanya kundi, na taa yako inalipata. Ndoo inajaa. Samaki wa miamba, kama changu, akipungua utamjua mapema kwa sababu mshipi wako unakaa muda mrefu bila kuguswa. Kibua hakupi taarifa hiyo. Taarifa anayokupa ni moja: udogo. Ukiona ndoo inajaa lakini samaki wa kujaza ndoo wanazidi kuwa wengi na wadogo, usisubiri dalili nyingine.

Peru walikwanguliwa sakafu

Msidhani nawatisha. Nchi ya Peru ina samaki wa makundi anayeitwa anchoveta, wa jamii moja na dagaa wetu wa baharini. Miaka ya 1960 walijenga viwanda vya kumsaga awe unga wa kulishia kuku na nguruwe huko Ulaya na Marekani. Mwaka 1970 walivua zaidi ya tani milioni 12 za samaki huyo mmoja. Hakuna uvuvi wa samaki wa aina moja uliokuwa umewahi kufika hapo.

Mwaka 1972 bahari yao ikapata joto, hali ile inayoitwa El Niño. Samaki wakasogea karibu na pwani, kwenye ukanda mwembamba wa maji baridi yaliyobaki. Sasa sikiliza vizuri: kwa muda mfupi uvuvi ukawa rahisi kuliko kawaida, kwa sababu samaki wote walikuwa wamebanana sehemu moja. Debe lilijaa. Kisha pakawa kimya. Mwaka 1973 walipata kama tani milioni 2 tu, na ilichukua miaka mingi mno samaki yule kurudi kwa wingi. Athari zikafika mpaka kwa wafugaji wa mbali: unga wa samaki ulipoadimika, bei ya soya nayo ikapanda duniani. Kwa hiyo wewe mfugaji wa kuku unayesoma hapa ukidhani mada ya leo haikuhusu, ujue kwamba dagaa wa chakula cha kuku wako na kibua wa vijana wangu wanatoka kwenye mwanga wa taa moja.

Bahari inapata joto bila kutuuliza. Hilo hatulizuii kutoka hapa Pangani. Lakini kama Peru wangeingia 1972 wakiwa na wazazi wengi majini, pigo lisingekuwa lilelile.

Hesabu ya mkulima

Mimi ni mtu wa kilimo, naomba nifanye hesabu ya kilimo. Samaki akiongezeka urefu mara mbili, uzito wake hauongezeki mara mbili. Anaongezeka urefu, upana na unene, kwa hiyo uzito unakuwa kama mara nane. Kibua wa sentimita 12 na kibua wa sentimita 24: huyu wa pili ana uzito wa wanane wa kwanza.

Mtasema, siyo wote watafika huko, wengine wataliwa na nguru. Sawa kabisa. Tuseme nusu yao wanaliwa. Bado waliobaki wana uzito mara nne ya ule ambao ungeupata ukiwavua wote wakiwa watoto, na wameshazaa, na nguru aliyewala naye unamvua. Hakuna mfugaji mwenye akili anayechinja ndama wote ili kujaza bucha ya leo. Mkulima gani hapa kwetu anayeng'oa mihogo ya miezi mitatu? Akifanya hivyo ujue nyumbani kuna njaa, na hata hivyo anang'oa shina moja, hang'oi shamba zima.

Barafu inalipa kuliko nyavu

Sasa tuje kwenye pesa, maana kikundi kina wake na watoto. Nitatumia namba za mfano, ninyi mweke za kwenu. Tuseme boti imeleta ndoo 60. Ndoo 20 za kwanza umeuza sh. 40,000 kila moja, ndoo 20 zinazofuata sh. 15,000, na 20 za mwisho umezika. Mkononi una sh. 1,100,000. Sasa tuseme una barafu na madeli ya kutosha. Umeridhika na ndoo 40, hukukimbilia mnada, umeuza nusu leo na nusu kesho kwa sh. 35,000 kila ndoo. Hiyo ni sh. 1,400,000. Toa sh. 200,000 ya barafu na usafiri, unabaki na sh. 1,200,000. Samaki wachache, pesa nyingi, na ndoo 20 zimebaki baharini zinakua bila kudai chakula wala chanjo.

Kuna jambo la afya pia, na hapa nawaomba akina mama wanaokaanga wanisikilize. Samaki wa ukoo wa kibua, jodari na nguru akikaa kwenye joto, vijidudu vinatengeneza ndani ya nyama yake sumu inayoitwa histamini. Haiondoki kwa kukaanga, haiondoki kwa kuchemsha, haiondoki kwa kugandisha. Mlaji anapata wekundu usoni, kichwa kinauma, mwili unawasha, wengine wanatapika na kuharisha, na mara nyingi ni ndani ya saa moja mbili. Watu husema "samaki amenipiga" au wanamlaumu jirani. Mara nyingine ni jua la asubuhi tu. Dawa ni moja: barafu tangu samaki anapotoka majini, iliyopondwa, ya maji safi, na kwa joto letu hili weka kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Ndoo ya samaki iliyotupiwa vipande viwili juu ni kujidanganya.

"Nikimwacha mimi, atachukuliwa na mwenzangu"

Nilipomweleza haya nahodha mmoja mzee ninayemheshimu, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, maneno yako mazuri. Lakini mhogo wako una mwenyewe. Kibua hana mwenyewe. Nikimwacha mimi, atachukuliwa na mwenzangu wa kijiji cha pili, halafu mimi nitalala njaa na kibua atakuwa amekufa vilevile."

Sikuwa na jibu siku ile, na sitajifanya kwamba pingamizi lake ni dogo. Wenzetu Kilwa, Mafia na Pemba wamefunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa, wakifungua wanakuta pweza wakubwa. Lakini pweza anakaa kwenye mwamba wa kijiji. Kibua leo yuko kwetu, kesho yuko kwa jirani. Kijiji kimoja kikijizuia peke yake kitakuwa kimefunga mkanda kwa faida ya wengine.

Hata hivyo kuna sehemu moja ambako kibua ana mwenyewe, nayo ni mnadani. Baharini hatuonani, lakini samaki wote lazima washuke sehemu, na kila sehemu ina BMU yake. BMU za vijiji vinavyopakana zikikubaliana kwa pamoja kwamba ndoo iliyojaa vibua wa chini ya sentimita 20 hainadiwi, haiuziki hapa wala kwa jirani, nahodha mwenyewe atatafuta nyavu ya macho makubwa bila kufukuzwa na doria. Rula ni bei ya soda. Na sheria ya uvuvi tayari ina masharti yake juu ya ringineti, ikiwemo ukubwa wa macho; muulizeni afisa uvuvi kabla ya kununua, siyo baada ya kukamatwa.

Najua haitakuwa rahisi. Usiku wa kwanza mtu atakuja na ndoo tano za vibua wadogo na mtoto mgonjwa nyumbani. BMU itafanyaje? Mimi nasema msimkomoe. Mwacheni apeleke nyumbani kitoweo, lakini mnada usimpigie kengele. Kinachomaliza samaki ni boti iliyojaa inayojua soko lipo. Sufuria ya mtu mmoja haiwezi kumaliza bahari.

Ninachowaambia vijana wangu

Nirudi kwenye andiko. Vijana, sikatai kuwaandikia. Nakataa kuandika nyavu. Nileteeni andiko la madeli makubwa, mashine ndogo ya kusaga barafu na mkataba na mwenye gari, nitakaa nanyi usiku kucha. Nyavu yenu ya kwanza ikichakaa, tutaandika ya kuibadilisha, yenye macho makubwa zaidi.

Na kwa sisi maafisa ugani wenzangu: tumezoea kuandika kwenye ripoti kilo zilizovuliwa, kama tunavyoandika magunia yaliyovunwa. Nyavu ya kwanza niliiripoti kama mafanikio, na kwa kilo yalikuwa mafanikio kweli. Hakuna safu kwenye fomu yetu inayouliza samaki alikuwa na urefu gani, wala wangapi walizikwa. Kuanzia robo hii nitaiongeza kwa kalamu pembeni, wakiikata waikate.

Minazi ile imestawi, nawaambia ukweli. Nikipita naiona ina kijani kizito kuliko jirani zake. Kila nikiiona nakumbuka beseni la yule mama. Kikundi kinakutana baada ya bamvua hili kuamua. Wakiamua nyavu, watapata mtu mwingine wa kuwaandikia, siwezi kuwazuia. Ila rula nimeshawapelekea, nimeifunga kwa kamba kwenye nguzo ya mnada, na alama nyekundu nimeichora kwenye 20.

Tukutane tena wiki ijayo, tutarudi kwenye batobato la mihogo. Mungu awabariki na awape mavuno mema, ya nchi kavu na ya majini.